Kuonja vinywaji baa kwa baa ndani ya meli ya kitalii

Meli kubwa ya kitalii huwa na baa nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kukaa kaunta tofauti mchana na usiku kwa wiki nzima, akashuka bandarini bila kuzimaliza. Lakini chupa nyingi zinazopangwa nyuma ya kaunta hizo zinatoka stoo moja, huko chini ya meli. Jini (gin) ya baa ya bwawani na jini ya baa ya sitaha ya juu, ile yenye viti vya ngozi, mara nyingi ni ile ile. Kinachobadilika ni mtu anayemimina, barafu aliyo nayo, glasi, saa, na foleni inayomsubiri. Ndiyo maana anayetaka kuonja vizuri hachagui kinywaji kwanza kisha akatafuta pa kukinywea. Anachagua baa, anajua inaweza nini, halafu anaagiza kile ambacho baa ile inakipatia kuliko wenzake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuonja. Anayetaka kulewa hahitaji mwongozo.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla hujalipa

Tuanze na umri. Meli nyingi zinazoondokea bandari za Marekani haziwauzii pombe walio chini ya miaka 21. Kampuni hizo hizo, meli zao zikianzia Ulaya au Australia, aghalabu hushusha hadi 18. Kijana wa miaka 19 aliyehudumiwa bila shida safari moja anaweza kukataliwa safari nyingine ndani ya meli ile ile.

Halafu chupa yako mwenyewe. Kampuni kama Carnival na Royal Caribbean zinamruhusu mtu mzima kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, ikiwa kwenye begi la mkononi. Pombe kali hairuhusiwi, na mashine ya kukagua mizigo haioni haya: ikiiona chupa, inachukuliwa. Ukiipeleka chupa yako ya mvinyo mgahawani, tegemea kutozwa ada ya kuifungua.

Kisha kuna kifurushi cha vinywaji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Unalipa kiasi fulani kwa kila siku, unakunywa utakavyo ndani ya mipaka, na mipaka yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo. Kwa kawaida kifurushi hununuliwa kwa safari nzima. Huwezi kuchagua siku za baharini tu, kwa hiyo siku unayoshinda nchi kavu nayo umeilipia. Kampuni nyingi hudai watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue pamoja, ili mmoja asinunue akawanywesha wengine. Kuna bei ya juu kwa kila glasi, na ukiagiza kinachozidi bei hiyo unaongeza pesa. Chupa nzima na vinywaji vya kwenye friji ya chumbani mara nyingi havimo. Carnival imeweka kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, idadi ambayo muonjaji hapaswi hata kuikaribia.

Hesabu ni hii. Chukua bei ya kifurushi ya siku moja pamoja na tozo ya huduma, ugawanye kwa bei ya glasi unayoipenda pamoja na tozo yake. Jibu ni idadi ya glasi unazotakiwa kunywa kila siku, za bandarini zikiwemo, ili angalau pesa yako irudi. Tozo hiyo ya huduma usiisahau, kwani kwenye kampuni nyingi za Marekani ni kati ya asilimia 18 na 20, na inaongezwa juu ya bei iliyoandikwa kwenye menyu. Kwa mtu anayekunywa glasi mbili tatu taratibu, hesabu inakataa. Ubaya mwingine ni kwamba ukishalipa, kila glasi unayoikosa unaiona kama hasara, ukaanza kunywa kwa ajili ya kufidia pesa. Hata hivyo faida moja siwezi kuikana: mwenye kifurushi, kokteli (kinywaji cha kuchanganywa) ikimshinda, anaisukuma pembeni bila kuumia, anaagiza nyingine. Kama safari yako ina siku nyingi za baharini na unapenda kujaribu usivyovijua, hiyo peke yake inaweza kutosha.

Asiyetumia kilevi ana vifurushi vyake vya soda, juisi, kahawa na kokteli zisizo na pombe, kwa bei ya chini sana. Karibu kila ninalolisema hapa chini kuhusu kuchagua baa linamhusu na yeye.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, tembea

Malizana kwanza na zoezi la usalama. Kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanyishwe zoezi hilo kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Utaratibu ulikazwa hivyo kuanzia 2015, baada ya ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia mwaka 2012. Ukilifanya mapema, mchana uliobaki ni wako.

Sasa anza juu kabisa, ushuke sitaha moja moja, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ingia kila baa hata kama imefungwa. Chukua au piga picha menyu, na uandike saa za kufunguliwa, kwa sababu baa nzuri za kokteli nyingi hazifunguliwi hadi alasiri au jioni. Ratiba ya siku, iwe ya karatasi mlangoni au kwenye programu ya simu ya kampuni, itakuonyesha pia saa za bei nafuu na madarasa ya kuonja.

Unapopita, angalia vitu vichache kwenye kaunta. Je, kuna ndimu na machungwa mazima, au kuna chupa za plastiki za maji ya ndimu ya kiwandani? Je, mtu wa kaunta anapima kwa kikombe kidogo cha chuma au anamimina kwa kukadiria? Barafu ni vipande vikubwa, vikavu, au ni chenga zinazoogelea kwenye maji? Na majani ya mnanaa: yamesimama au yamelala? Dakika moja ya kuangalia inatosha kukuambia kama pale unaweza kuagiza mojito, kokteli ya ramu, ndimu na mnanaa, au ubaki na bia ya chupa.

Sina haraka ya kukuambia uanze kunywa meli ikiwa bado imefungwa gatini. Baa za siku ya kwanza zimejaa, wahudumu wanafundishana na mashine za kadi, na mahali pengine kodi ya nchi au jimbo husika inaongezwa kwenye bili hadi meli itakapotoka kwenye maji yake. Mipaka hiyo ya bahari ina historia yake kwenye unywaji. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, meli zilikuwa zikiwachukua watu hadi nje ya eneo la sheria hiyo, zinazunguka huko wakinywa, kisha zinawarudisha walikotoka. Hazikuwa na bandari ya kwenda. Kaunta ndiyo ilikuwa safari.

Hatua ya 3: Chagua kinywaji cha kipimo

Huwezi kulinganisha baa mbili kama moja umenywa bia na nyingine umenywa kitu cha rangi ya buluu chenye mwavuli. Chagua kinywaji kimoja rahisi, kisichokuwa na mahali pa kuficha makosa, kiwe kipimo chako. Mimi natumia Negroni: jini, Campari (pombe nyekundu chungu ya Italia) na vemuti nyekundu tamu (mvinyo uliotiwa viungo), vipimo sawa sawa. Anayependa ramu achukue daikiri ya kawaida, ambayo ni ramu, ndimu na sukari, isiyosagwa na barafu. Asiyekunywa kilevi aombe soda ya tangawizi, ndimu iliyokamuliwa pale pale na mnanaa. Wa bia achague bia moja ya bomba inayopatikana baa zaidi ya moja.

Ukiagiza, kaa kaunta uangalie mikono. Mtu anayejua kazi anaanza na glasi: anaijaza barafu ipoe huku akishughulika na mengine. Anapima jini, anapima Campari, anapima vemuti, kila kimoja hadi ukingoni. Anakoroga kwa kijiko kirefu, mgongo wa kijiko ukiteleza kwenye ukuta wa glasi, barafu ikizunguka kimya kimya bila kugongana. Anakata ganda la chungwa, analikunja juu ya kinywaji ili mafuta yake yaruke, na ukiinamia kidogo unayaona yametanda juu kama ukungu mwembamba. Harufu inakufikia kabla ya funda la kwanza. Asiyejua, au aliyezidiwa na foleni, anamimina vyote vitatu kwa mpigo juu ya barafu iliyoyeyuka nusu, anatupia kipande cha chungwa, anakuletea na mrija. Chupa ni zile zile. Kinywaji si kile kile.

Tumia kipimo hiki mara moja tu kwa kila baa unayoidhania kuwa nzuri, na si zote kwa siku moja. Baa ikishafaulu, achana na Negroni, waombe wanachojivunia.

Hatua ya 4: Kila baa kwa kazi yake, na kwa saa yake

*Baa ya bwawani* ni ya mchana, na ni ya vinywaji vya barafu. Hapa utapewa kikombe cha plastiki, kwa sababu glasi hairuhusiwi karibu na maji ambako watu wanatembea pekupeku. Kwa hiyo usipeleke mvinyo mzuri huko; plastiki na jua havitautendea haki, na chupa ya mvinyo ya baa ya bwawani inaweza kuwa imefunguliwa tangu jana. Agiza piña colada (ramu, nanasi na nazi) au daikiri ya kusagwa, ila uliza kwanza kama wanasaga kwenye blenda au wanafungulia bomba la ile mashine inayozungusha barafu ya rangi siku nzima. Ya mashine ni tamu mno na inachosha kufikia nusu. Kinywaji cha siku kinachotangazwa huko mara nyingi huletwa kwenye kikombe cha ukumbusho ambacho bei yake imo ndani. Sema unataka kikombe cha kawaida.

*Baa ya bia.* Nenda alasiri, kabla mechi haijaanza kwenye televisheni. Meli kadhaa zinapika bia zenyewe: AIDAblu ya Ujerumani ilianza na kiwanda chake mwaka 2010, ikitumia maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na Carnival Vista ikafuata na chake mwaka 2016. Bia iliyopikwa sitaha chache kutoka unapokaa ni jambo la kuonja hata kama si mpenzi wa bia. Omba seti ya vikombe vidogo, vinne au zaidi kwa pamoja, uanze na nyepesi umalizie na nyeusi. Ukianza na ile chungu au nyeusi, ulimi hautaisikia tena nyepesi. Kama hawana seti, hakuna aibu kuomba funda moja la kuonja kutoka bombani kabla hujaamua.

*Baa ya martini na kokteli.* Martini ni jini na vemuti kidogo. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Meli za kampuni ya Celebrity zina baa ya martini ambayo kaunta yake ina tabaka la barafu juu, glasi inakaa baridi muda wote, na wahudumu hurusha chupa na vyombo vya kutikisia kama wanasarakasi. Maonyesho hayo yanafurahisha, lakini njoo pia kabla ya saa ya maonyesho, wakati wanatengeneza kwa utulivu. Carnival wana baa iitwayo Alchemy Bar, wahudumu wamevaa makoti meupe kama wafamasia, na unaweza kuwaeleza tu unachojisikia wakakutungia. Eleza kwa ladha badala ya majina: “nataka kitu kichungu kidogo, kisicho na sukari nyingi, chenye wiski.” Mtu wa kaunta mwenye ujuzi anaipenda sentensi ya namna hiyo. Asiye na ujuzi anakupa menyu.

*Baa ya mvinyo* huwa tulivu na mara nyingi inapuuzwa, kwa hiyo utapata mtu wa kuongea naye. Uliza chupa gani imefunguliwa leo. Omba nusu glasi za aina mbili tofauti badala ya glasi nzima ya moja. Baadhi ya meli zina mashine zinazomimina kipimo kidogo kwa kuweka kadi, na hizo ni rafiki wa muonjaji: unaweza kugusa mvinyo wa bei ya juu kwa funda moja tu.

*Baa ya kutazamia mbele*, ile ya sitaha ya juu kwenye omo. Commodore Club ndani ya Queen Mary 2, meli iliyoanza safari 2004, ndiyo mfano wa kukumbukwa: madirisha makubwa yanaitazama omo na bahari iliyo mbele yake. Baa za aina hii zinafaa saa moja kabla ya jua kuzama, kwa kinywaji kirefu na cha polepole, jini na toniki au wiski yenye maji kidogo. Zikijaa usiku, thamani yake inapungua, kwani nje ni giza na unacholipia ni mandhari usiyoyaona.

*Baa za maajabu.* Royal Caribbean ilipoizindua Quantum of the Seas mwaka 2014 ilileta Bionic Bar, ambako mikono miwili ya roboti inachanganya vinywaji unavyoviagiza kwenye kishikwambi. Oasis of the Seas ya 2009 ina baa inayopanda na kushuka polepole kati ya sitaha ya 5 na ya 8, watu wakiwa wamekaa na glasi zao. Norwegian Epic, iliyoanza 2010, ililetwa na baa ya barafu ya nyuzi 8 chini ya sifuri, abiria akivalishwa koti na glavu mlangoni. Ukizikuta baa za namna hii, nenda kila moja mara moja tu. Roboti anapima kwa usahihi ambao binadamu hawezi, lakini haonji, hajui kwamba ndimu za leo ni kali kuliko za jana. Na kwenye baridi ile ulimi unakufa ganzi. Usipoteze wiski nzuri huko.

Baa ya kasino, ukiweza kuvumilia moshi, ina wahudumu wepesi sana. Baa ya ukumbi wa maonyesho ni ya soda na bia tu: dakika kumi kabla ya pazia hakuna anayekoroga chochote kwa uangalifu. Baa ya kinanda ni ya kuimba. Kinywaji pale ni kisingizio.

Hatua ya 5: Namna ya kuagiza

Wakati mzuri ni ule ambao wengine wako mahali pengine. Watu wakiwa kwenye chakula cha jioni cha zamu ya kwanza, au wakiwa ukumbini, kaunta zinapumua. Alasiri ya siku ya bandarini, watu wengi wakiwa bado nje, ni nzuri zaidi, ingawa baadhi ya baa hufungwa saa hizo.

Salimia, soma jina kwenye beji, lishike. Kwenye meli nyingi beji inaonyesha pia nchi ya mhudumu, na hapo mazungumzo yanaanza yenyewe. Wahudumu hawa wanakaa baharini miezi mingi mfululizo; anayewaita kwa majina na kuwauliza maoni yao hukumbukwa tangu usiku wa pili. Uliza wanachopenda kutengeneza, usiulize “kipi kizuri,” maana jibu la swali hilo ni kinywaji kinachotangazwa leo.

Mkiwa wawili, agizeni viwili tofauti mbadilishane baada ya funda la tatu. Masharti ya vifurushi yanakataza mwenye kifurushi kumnywesha asiye nacho, kwa hiyo kubadilishana huku ni kwa wenye hali sawa. Agiza maji pamoja na kila kinywaji, na uyanywe. Kama kokteli imetoka vibaya, sema mapema na kwa upole, kikombe kikiwa bado kimejaa: “Naona imezidi sukari, unaweza kuniongezea ndimu?” Karibu kila mara watairekebisha. Ukisubiri hadi umebakisha barafu, huna kesi.

Hatua ya 6: Pima mwendo

Kipimo kimoja cha kawaida cha kilevi kwa hesabu ya Marekani ni gramu 14 za alkoholi. Hiyo ni bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo wa kama mililita 150 wenye asilimia 12, au toti ya mililita 44 ya pombe ya asilimia 40. Ini la mtu linamudu takriban kipimo kimoja kama hicho kwa saa. Sasa Negroni ya mililita 30 kwa kila kimoja inakaribia kipimo kimoja na nusu, martini vivyo hivyo, na Long Island Iced Tea ina aina tano za pombe ndani ya glasi inayoonekana kama chai ya barafu. Kwa hiyo “nimekunywa glasi tatu tu” inaweza kuwa vipimo vitano. Kwa wengi, baa mbili kwa jioni na kinywaji kimoja kila baa ni mwendo unaokuacha ukikumbuka ulichokionja.

Bahari nayo ina usemi wake. Jua na upepo vinakausha mwili bila wewe kuhisi joto. Meli ikiyumba, kilevi kinazidisha kichefuchefu. Shuka hadi baa za sitaha za chini katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo, na iache ile ya kutazamia mbele kwa siku nyingine. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari, kama dimenhydrinate na meclizine, vinaleta usingizi, na vikichanganyika na pombe usingizi huo unakuwa mzito wa hatari. Ukivimeza, siku hiyo kunywa soda ya tangawizi. Usiingie bwawani wala kwenye beseni la maji ya moto ukiwa umechangamka, na usikae wala kupanda kwenye reli za baraza ya chumba chako hata kwa picha.

Wanaoamini kuzimua watakuta Bloody Mary, ya vodka na juisi ya nyanya, asubuhi ya siku za baharini. Maji na kulala vinafanya kazi zaidi.

Hatua ya 7: Vya bure na vya bandarini

Meli nyingi huwa na tafrija ya nahodha, ambako trei za mvinyo wa mapovu hupitishwa bila malipo. Minada ya picha za sanaa nayo hugawa mvinyo ili wanunuzi wachangamke. Kunywa, lakini mikono ibaki mfukoni. Madarasa ya kuonja wiski, ramu au tekila yanalipiwa, na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote ndani ya meli: aina nne au tano zimepangwa sambamba, na mtu wa kuzieleza.

Bandari inakupa nafasi ya kulinganisha kinywaji na nyumbani kwao. Piña colada inahesabiwa kuwa imezaliwa San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, ambako hoteli ya Caribe Hilton inadai iliumbwa kwenye baa yake mwaka 1954, na Puerto Rico ikaitangaza kinywaji cha taifa mwaka 1978. Painkiller, ya ramu, nanasi, chungwa, krimu ya nazi na kungumanga iliyokunwa juu, inatoka Soggy Dollar Bar, kisiwani Jost Van Dyke, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kama meli inapita karibu, kinywe cha meli usiku wa kuamkia bandari, kisha cha nchi kavu mchana wake. Angalia kungumanga tu: ikikunwa mbele yako utaijua tofauti yake na ile ya unga wa kopo.

Chupa utakayonunua bandarini, au kwenye duka lisilo na ushuru la meli, kwa kawaida itachukuliwa langoni, upewe stakabadhi, na kurudishiwa usiku wa mwisho. Usiitupe stakabadhi.

Hatua ya 8: Bili na chupa za kurudi nazo

Ndani ya meli hakuna pesa taslimu kaunta. Kila glasi inaandikwa kwenye kadi ya chumba. Risiti ikija na mstari mtupu wa bakshishi, kumbuka tozo ya huduma imeshakatwa. Kuongeza ni hiari yako, na mhudumu aliyekukorogea vizuri safari nzima anastahili noti mkononi kuliko tarakimu kwenye mstari ule. Fungua hesabu yako kwenye simu au televisheni ya chumbani kila usiku. Glasi usiyoiagiza ni rahisi kuiondoa siku hiyo hiyo. Asubuhi ya kushuka, foleni ya mapokezi inazunguka hadi ngazini.

Kama unaendelea na safari kwa ndege, chupa ziende kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu kimiminika kinachozidi mililita 100 bado kinakataliwa kwenye ukaguzi wa viwanja vingi. Pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 ina kikomo cha lita 5 kwa abiria. Ramu kali za visiwani zinazozidi asilimia 70 hazipandi ndege kabisa, hata kwenye begi la kupakiwa, kwa hiyo soma lebo ukiwa bado dukani.